Yule aliyeshushwa darini: mashahidi watatu au mmoja?

SWALI: Habari za kazi. Ile stori ya aliyepooza akashushwa darini ipo Mathayo 9, Marko 2 na Luka 5. Rafiki yangu anasema hao waandishi walikopiana tu, mimi nasema ni watu watatu wamesimulia tukio moja kila mtu kivyake. Nani yuko sahihi?

JIBU: Salama ndugu. Kwa hili rafiki yako kakuzidi, na wala huhitaji digrii ya theolojia, zifungue zote tatu uziweke pamoja uone. Yesu anawaambia waandishi wa sheria kwamba ili mjue Mwana wa Adamu ana mamlaka ya kusamehe dhambi, mara sentensi inakatika, msimulizi anaingia kusema hapo akamwambia yule aliyepooza, kisha Yesu anaendelea. Zote tatu zinakatika palepale! Maneno ya Yesu watu watatu wanaweza kuyakumbuka sawa, sikatai, ila kukatiza sentensi sehemu ileile, hapo mtu alikuwa na maandishi ya mwenzie mbele yake.

Wasomi wengi wanaona Marko ndo alitangulia, kama mwaka 70 hivi, wenzie wakamtumia. Sasa mcheki Mathayo, stori kaifupisha, dari kalifuta kabisa, hakuna kupanda wala kutoboa, lakini kayabakiza yale maneno kwamba Yesu aliiona imani ya waliomleta. Kaionaje sasa, wakati walimleta tu kawaida? Ukirudi kwa Marko ndo unaelewa, imani ilionekana kwa lile tundu walilotoboa darini ili wamshushe mgonjwa. Luka dari kalibakiza ila kalibadilisha, kwa Marko wanachimba, kwake mgonjwa anapitishwa kwenye vigae.

Mwenye utata ni Yohana. Sura ya 5 ana mgonjwa wa miaka 38 kwenye birika kule Yerusalemu, tukio jingine kabisa, halafu amri ya Yesu ya simama, beba godoro lako utembee inafanana na Marko 2 karibu neno kwa neno, mpaka lile neno la Kigiriki krabattos, godoro la watu wa chini, ambalo Mathayo na Luka kwenye hii stori walilikwepa. Alimsoma Marko au wote walichota kwenye masimulizi ya mdomo? Wasomi bado wanavutana, mie naegemea masimulizi, maana amri fupi kama ile inashika kichwani haraka.

Na usiwaone wezi bwana, Luka mwenyewe hafichi, anaanza kitabu chake kwa kusema wengi walishaandika kabla yake.