VM inaandika 1 Gbps lakini faili halivuki MB 11: pima kabla hujagusa chochote

Mkuu, umesema Windows iliyo ndani ya VM (mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) inaonyesha 1 Gbps, lakini ukinakili faili kwenda kompyuta nyingine ya ofisini linakwenda MB 11 kwa sekunde na halipandi. Hiyo 11 ilinikesha siku tatu hapa Mtwara.

Ile 1 Gbps usiitegemee. Kadi ya mtandao ya VM ni programu tu, inatangaza kasi ya kadi inayoiigiza. Kwenye VMware, programu ya kuendesha VM, ukiweka kadi aina ya vmxnet3 utasoma 10 Gbps, hata kama waya ukutani unapitisha 100 Mbps.

Nilikuwa nahudumia ofisi moja ya korosho, minada imeshaanza, karani anasubiri stakabadhi zifunguke. Nikailaumu VM papo hapo. Kwenye Proxmox, programu nyingine ya kuendesha VM, nilikuwa nimeiachia kadi ya e1000, inayoiga kadi halisi, nikaibadili kuwa virtio, iliyotengenezwa kwa ajili ya VM. Hilo lina faida ya kweli: VM ikigusa kadi ya kuigiza, prosesa inasimamisha kazi yake, inarudi kwa mashine mama (kompyuta halisi inayobeba VM), ndipo iendelee, na hivyo hivyo mara maelfu. Virtio inapitisha pakiti kwenye kumbukumbu wanayoshirikiana. Linux inayo tayari; Windows ipakie kwanza drayva za virtio-win, la sivyo ukibadili kadi utabaki bila mtandao.

Nikanakili tena. MB 11 ileile.

Ndipo nikafungua iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao kati ya mashine mbili, ambayo ingepaswa kutangulia. Nikapima kati ya VM na mashine mama yake, njia isiyogusa waya hata mmoja: gigabiti kadhaa. Kutoka mashine mama kwenda kompyuta ya karani: 94 Mbps. Mbps ni biti, faili linahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8: gawanya kwa 8, unapata MB 11 na ushee. VM haikuwa na kosa.

Nikachomoa kebo ya seva. Ofisi iko Shangani, upepo wa bahari unaingia dirishani mchana kutwa. Pini ya 7 na ya 8, jozi ya kahawia, zilikuwa na kutu ya kijani. Gigabiti inataka nyaya zote 8; 100 Mbps inatosheka na 4, kwa hiyo vifaa vikashuka kimyakimya na mtandao ukaendelea kufanya kazi. Nikakata kichwa, nikabana kipya: 940 Mbps.

Kwa hiyo pima vipande hivyo viwili, ulete namba zote hapa, na utuambie taa ya swichi kwenye tundu la seva inawaka rangi gani.