Anza na kamba, nyangumi watafuata

Wengi wanaoingia katika kazi ya kufuatilia nyangumi wanaonaswa na zana za uvuvi huniuliza nyangumi wanapita wapi. Mimi huwauliza kwanza kamba ziko wapi. Hatari iko pale viwili hivyo vinapokutana, na kinachonasa mara nyingi ni ile kamba inayopanda kutoka kwenye mtego ulio chini hadi kwenye boya.

Kwa hiyo nikiwa baharini naandika kila boya ninalolipita, kina cha maji, aina ya zana, na kama kamba imelegea. Kamba iliyozidi kina na kuelea juu ya maji huniogopesha kuliko iliyonyooka. Andika pia njia uliyopita na saa ulizotazama, hata kama hukuona nyangumi yeyote. Daftari lenye siku za kuona peke yake halimwambii mtu kama nyangumi hawakuwapo au mtazamaji ndiye hakuwapo.

Usitegemee wastani wa miaka iliyopita. Bahari ya Pasifiki ilipopata joto kali kati ya 2014 na 2016, maji baridi yenye chakula yalibanwa kwenye ukanda mwembamba karibu na pwani ya California, na nyangumi wakafuata dagaa humo. Msimu wa kaa nao ukacheleweshwa na sumu ya mwani hadi 2016, mitego ikashushwa wakati nyangumi wanarejea kula. Kunaswa kwa nyangumi kukaongezeka sana. Ndiyo maana mimi hutazama joto la maji na dagaa walipo, kisha nawasikiliza wavuvi, ambao huyaona mabadiliko hayo kabla ya yeyote. Ukiwaendea kama askari, watanyamaza, na ni haki yao.

Ukimkuta aliyenaswa, tafadhali usiingie majini na usikate kamba anayoiburuta: waokoaji huishika hiyo hiyo kumfikia. Joe Howlett, mwokoaji mzoefu wa Kanada, aliuawa mwaka 2017 na nyangumi aliyekuwa ametoka kumfungua. Kaa mbali, piga picha za mkia, rangi ya kamba na alama za boya, toa taarifa, kisha mfuate kwa macho kutoka mbali mpaka waokoaji wafike. Akipotea hapo, kumpata tena ni bahati.