Jibu kwa jamaa wa Mamboleo, Kisumu: usiipandishe hiyo ndoo Jumamosi

Simama hapo hapo, omera. Umeuliza mambo manne: meza ya kujazia chupa iwe na kimo gani, taa ikae wapi, chupa zilizojaa zihifadhiwe wapi, na kama kaunta ya jikoni inatosha kwa bia ya lita 20. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukasema ndoo inachachia sakafuni kwenye chumba cha nyuma kwa sababu kuna ubaridi, na Jumamosi utaipandisha kwenye kaunta uanze kujaza. Hapo chai yangu ikapoa.

Usiipandishe. Taa na meza havina maana kama utafanya hivyo.

Lita 20 ni kilo 20 na ushee, ukiongeza ndoo na mashapo. Unazitoa sakafuni hadi kaunta ya sentimita 90, umeinama, mikono imenyooka. Mgongo ndio hasara ndogo. Hasara yenyewe iko ndani ya ndoo.

Hamira iliyomaliza kazi imelala chini kama tope, sentimita 1 au 2. Ukiinyanyua ndoo, tope lote linaamka. Kutulia kwake kunataka siku mbili tatu, na wewe unafungua mfereji baada ya dakika kumi. Kila chupa inapata tope lake, na chupa yenye mashapo mengi ukiifungua inarusha povu mpaka dari, kwa sababu gesi inapata mahali pengi pa kuanzia kutoka.

Bado. Angalia kile kizibo cha maji kwenye kifuniko, kinachotoa gesi kwa mapovu. Ndoo ya plastiki ikinyanyuliwa kwa mkono wake, kitako kinavimba kwenda chini kwa uzito na mbavu zinabadilika umbo. Nafasi ya ndani inaongezeka ghafla, hewa inavutwa kutoka nje, na hewa ile inapita na maji yaliyo kwenye kizibo. Kama uliweka mle maji ya Jik, ile dawa ya madoa yenye klorini, alivyofundisha yule bwana wa video mwenye aproni nyeupe ambaye haijawahi kuchafuka, basi Jik iko ndani ya bia. Klorini ikikutana na vitu vya kimea huzaa ladha ya plasta na wodi ya hospitali. Kiasi kidogo sana kinatosha, na haiondoki hata ukingoja miezi. Lita 20 zinaenda chooni. Usiniulize najuaje. Choo changu kilikuwa na wiki nzuri, tuseme hivyo.

Na ile kusukwasukwa njiani inachanganya hewa kwenye bia. Mwanzoni, kabla ya kutia hamira, hewa inatakiwa. Mwishoni ni sumu ya ladha: wiki chache baadaye unakunywa katoni iliyoloa.

Muuzaji wa vifaa alisema, "Inua tu polepole." Polepole! Kana kwamba kitako cha ndoo kinasoma spidi. Alikuwa na stendi ya chuma dukani, nyuma yake kabisa, na hakuitaja.

Kwa hiyo: bia ichachie pale pale itakapojaziwa. Chupa ndizo zitembee.

Ukishakubali hilo, sehemu ya kazi inajipanga yenyewe. Tengeneza stendi ya mbao za saiprasi za inchi 2 kwa 3, juu ubao wa inchi 1, miguu minne yenye mishazari, na uifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Mafundi wa soko la Kibuye watakukatia vipimo. Ibebe kilo 50 bila kutikisika. Ikalie wewe kwanza. Mfereji wa ndoo uwe kama sentimita 80 kutoka sakafuni. Ndoo tupu inapanda pale siku ya kupika, kisha unaijaza kwa jagi la lita 2, maji ya kimea yakiwa yameshapoa. Safari kumi hivi. Mwagia kwa nguvu, hiyo ndiyo siku ya hewa.

Siku ya kujaza unakaa kwenye kigoda cha sentimita 35. Fimbo ya kujazia, ile yenye springi kwenye ncha, iunge kwenye mfereji kwa kipande cha paipu cha sentimita 5, ining'inie wima. Chini yake weka karai pana la kukinga matone. Unainua chupa kwenye fimbo hadi ncha iguse kitako cha chupa, bia inajaa kutoka chini bila kurukaruka. Ikifika mdomoni unashusha. Fimbo ikitoka inaacha nafasi yake yenyewe, kama sentimita 3 au 4. Viwiko vinabaki karibu na mbavu na shingo haiinami.

Kabla ya kufungua mfereji, ONDOA kile kizibo cha maji. Bia ikitoka chini, hewa lazima iingie juu, na itaingia na maji yake. Ziba tundu kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, uache njia kidogo. Kisha mimina mililita 150 za kwanza kwenye glasi. Hizo ni tope la mfereji. Zikitulia, zipime kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Kwa joto la nyuzi 28 ongeza karibu pointi 2 (yaani 0.002) kwenye kipimo kama haidromita yako imetengenezwa kusoma kwa nyuzi 20. Namba isiposimama siku tatu, usijaze: kila pointi iliyobaki ni kama gramu 2 na nusu za sukari kwa lita, na pointi 4 zinatosha kugeuza chupa kuwa bomu.

Najua utasema lazima uihamishie ndoo nyingine ili kuchanganya ile sukari kidogo ya kutengeneza gesi ndani ya chupa. Hapana. Gramu 125 za sukari, chemsha na maji, ongeza maji yaliyochemka hadi mchanganyiko wote uwe mililita 400. Nunua sirinji ya mililita 10 kwenye duka la dawa. Kila chupa ya mililita 500 inapata sirinji moja kabla ya bia kuingia, yaani gramu 3 na kidogo. Chupa 40, sirinji 40, ingawa kwa kweli utapata 37 au 38 kwa sababu ya tope.

Ubaridi wa sakafu je? Vika ndoo fulana ya pamba iliyoloa, pindo lake liwe kwenye trei yenye maji ya sentimita 3, mfereji ufunikwe kwa mfuko safi na raba. Nakuru hii inafanya kazi vizuri sana. Kisumu hewa ina unyevu, kwa hiyo ongeza feni ndogo, au zungushia chupa za maji yaliyoganda na uzibadilishe asubuhi na jioni.

Kufunga vifuniko kufanywe mbali na kaunta. Mashine ya mikono miwili unaikandamiza kutoka juu, kwa hiyo chupa isimame chini, kwenye kibao cha sentimita 30 au 40 kilichotandikwa kipande cha tyubu ya pikipiki. Kwenye vigae vya kaunta chupa inateleza, mkono mmoja unatangulia, shingo inavunjika. Vifuniko ni vya milimita 26. Ukiletewa vya 29, rudisha.

Taa, sawa: ukijaza usiku karibu na ziwa, zima taa ya nje na ufunge dirisha, la sivyo wadudu wa ziwa watakuwa kiungo cha tano, baada ya maji, kimea, hopsi na hamira.

Sasa hiyo ndoo yako iliyo sakafuni. Kama bado inatoa mapovu, ipandishe leo jioni. Toa kizibo, weka pamba ya spiriti, tafuteni watu wawili, mshike kitako na si mkono wa ndoo, muipeleke moja kwa moja kwenye stendi au hata juu ya mawe ya kujengea yaliyopangwa vizuri. Hamira ingali kazini, gesi yake itaisukuma nje hewa iliyoingia, na tope lina muda wa kulala tena. Kama mapovu yameshaisha, bado ipandishe leo kwa njia hiyo hiyo, kisha uhesabu siku nne bila kuigusa. Jumamosi hii sahau. Jaza wiki ijayo.