Jibu: Shemeji kaanguka akikata matawi Raskazone, bosi anasema kibarua hana haki

Pole sana ndugu, na mgonjwa mpe pole. Hilo la "kibarua hana haki" lisikutishe. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, hakuna anachokatwa mfanyakazi. Nendeni ofisini kwao mapema, mkiwa na karatasi za hospitali na majina ya waliokuwepo. Bosi akikaidi, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wapo.

Sasa umeuliza kosa lilikuwa wapi. Mimi nakata miti hapa Tanga mwaka wa kumi na moja huu, na ulivyoeleza tu nimeiona picha: ngazi imeegemezwa kwenye tawi lile lile linalokatwa! Tawi la mti wa mkungu likishapunguzwa uzito hunyanyuka juu, ngazi inabaki inaegemea hewa. Ngazi iegemee shina, na mkataji ajifunge kamba kwenye shina kabla hajawasha chenso, yaani msumeno wa mashine. Tena aanze na mkato mdogo kwa chini, ndipo akate juu, tawi lisichane gome na kumrudia. Ncha ya chenso nayo isigongane na mti, hurukia uso.

Wakwezi wetu wa minazi husema kamba ni woga. Haya, lakini mkwezi hashiki mashine inayonguruma.

Na huo waya wa umeme unaosema ulipita katikati ya matawi, shemeji hakupaswa kupanda kabisa kabla TANESCO hawajauzima.