Ile picha ya mbwa, mpwa wangu

Ujumbe wako nimeupata: "Mjomba, kumbe huko unavutwa na mbwa kama sultani! Nifanyie mpango nami nije." Nasikia na picha yenyewe imeshazunguka Tanga nzima, watu wanahesabu utajiri wangu.

Ile sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, si yangu. Mbwa si wangu. Niko nje ya Alta, kaskazini kabisa ya Norwe, na mtalii alinipiga picha siku niliyotumwa kuirudisha sleji bandani. Kazi yangu ni mavi. Mbwa 60, kila asubuhi na koleo, yamekauka kwa baridi mpaka yanalia yakigonga ndoo. Nasema asubuhi kwa mazoea tu. Jua likiaga mwisho wa Novemba hulioni mpaka katikati ya Januari. Kisha shoka: nyama huja imeganda kama tofali, unaipasua, unaichemshia supu, maana mbwa maji matupu anayasusa. Kisha kuwavisha soksi. Mbwa wanane wa sleji, soksi 32, na vidole vyangu vimekufa ganzi.

Hayo yanavumilika. Wewe chuo cha Kurani umesoma, mate ya mbwa unayajua: najisi, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo niutoe wapi? Uko chini ya theluji, mgumu kama zege. Mwaka wa kwanza nilijaza ndoo Septemba, ardhi haijaganda, nikaisukuma uvunguni. Nikawa nateka kwa kikombe, kidogo kidogo, ifike Mei. Mwaka huu ndoo ile ile bado imejaa. Elewa mwenyewe.

Usije. Bodaboda yako inakulaza kwako.

Ukija lakini, koti la mtumba usihangaike nalo, halifai. Ukianguka usiiachie sleji hata ikuburute: mbwa hawana hatamu, wanaongozwa kwa sauti, na wakishika mbio hawakungoji. Ukisimama, kwanza nanga. Ndiyo, nanga, wanaiita hivyo hivyo, unaikanyagia kwenye theluji kama unafunga ngalawa. Mimi siku ya kwanza niliisahau, nikarudi bandani kwa miguu.

Ila usije, nimeshasema.

Kuna jike mmoja mzee, hukimbia mbele, ndiye anayejua njia. Jana nilikuwa nimekaa juu ya ndoo namvua soksi, akaniegemeza kichwa gotini. Nikamwacha. Tangu niondoke nyumbani nani mwingine kaniegemea?

Ile laki mbili nitatuma Ijumaa. Bibi yako akiuliza, niko hotelini, jikoni.