Jibu: Kupiga kambi na mbwa wawili kwenye milima ya Wind River, Wyoming (Marekani), mwanzoni mwa Oktoba, nimechelewa?

Hujachelewa kaka, ila usiende na vifaa vya Agosti. Ukianzia Elkhart Park, pale njia ya miguu inapoanza, unapanda hadi maziwa yaliyo juu ya mita 3,000, na huko unaweza kulala pakavu ukaamka hema limezama kwenye theluji.

Mbwa ndio shughuli yenyewe. Theluji laini huganda katikati ya vidole vyao ikawa mabonge magumu kama kokoto. Punguza manyoya ya hapo, paka vaselini, beba na viatu vyao. Wa kwangu ana manyoya mafupi. Alitetemeka mpaka nikamwingiza kwenye mfuko wangu wa kulalia (harufu niachie mwenyewe). Sasa nabeba koti lake na mkeka. Wavishe fulana za rangi ya chungwa pia, ni msimu wa kuwinda elki (aina ya kulungu wakubwa). Na dubu wapo, usiwafungulie kamba.

Samaki? Brook trout hutaga majira haya, watafute kwenye kina kifupi, vijito vinapoingia ziwani. Ndoano usiziache chini hata dakika moja, mbwa wasije wakaumia. Leseni ya Wyoming kata mapema. Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton hapo jirani sahau, mbwa hawaruhusiwi kwenye njia zake.