Ukimrudishia mnunuzi pesa eBay, ada yako nayo irudi

Wauzaji wengi wa eBay, soko la mtandaoni, huhesabu ada wanayokatwa kwa kila mauzo kuwa pesa iliyokwisha kuliwa pale mnunuzi anapodai kurudishiwa chake. Si lazima iwe hivyo. Sehemu kubwa ya ada hurudi yenyewe bila kumwomba mtu, mradi umerudisha pesa kupitia oda ileile, na umefanya hivyo kabla eBay hawajalazimika kuamua mgogoro kati yako na mnunuzi. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, andika hasara.

Chukua mfano wa kamera iliyouzwa kwenye eBay ya Marekani: bei dola 82, usafirishaji 10, kodi ya mauzo 8. Mnunuzi kalipa 100. Ada ya mauzo hupigwa kwenye hiyo 100 nzima, pamoja na kodi ambayo wewe huigusi kabisa (wauzaji hulalamikia jambo hili kila siku, na wana haki). Kiwango hutegemea aina ya bidhaa. Tuseme asilimia 13 ili hesabu iwe nyepesi. Hizo ni dola 13, na juu yake kuna ada ya kila oda, senti 40 kwa oda inayozidi dola 10. Kodi wanaichukua eBay, kwa hiyo kwako zinaingia 78.60.

Ukirudisha pesa yote kwa njia sahihi, unakatwa 92 na kurudishiwa 13, yaani kwako zinatoka 79. Kodi wanamalizana nayo wao. Kilichopotea upande wa ada ni zile senti 40, ambazo kwa kawaida hazirudi. Ukirudisha nusu tu, kwa mfano kwa sababu lenzi ina mkwaruzo na mnunuzi amekubali kubaki nayo, ada nayo hurudi kwa uwiano huo.

Sasa anakuja mnunuzi na ujumbe: "Nitumie tu PayPal, ni haraka zaidi," yaani kwa huduma ya malipo iliyo nje ya oda. Kataa kwa upole. Pesa uliyotuma nje mfumo hauioni. Kwao kamera imeuzwa na 13.40 ni halali yao. Baya zaidi, mnunuzi huyohuyo bado anaweza kufungua madai kwenye oda na kulipwa mara ya pili, kutoka mfukoni mwako.

Kama mshindi wa mnada hajalipa, hakuna pesa ya kurudisha, ila oda lazima ifutwe. Subiri siku 4 zipite, kisha uifute kwa sababu ya mnunuzi kutolipa. Una siku 30 tangu mauzo. Hapo sababu unayochagua ina uzito: ukibofya kwamba bidhaa imekwisha au imeharibika, doa linaandikwa kwenye rekodi yako badala ya yake. Madoa yakizidi asilimia 2 ya oda, unashushwa chini ya kiwango na kuanza kutozwa ada ya ziada.

Amelipa lakini hujatuma mzigo? Futa oda, usirudishe pesa tu ukaiacha wazi. Kama ulishachapisha lebo ya kutumia mzigo ya USPS (posta ya Marekani) kupitia eBay, ibatilishe ndani ya siku 5, maana gharama hiyo ni mbali na ada na hairudi yenyewe.

Mzigo ukishafika, wengi huponzwa na ukimya. Mnunuzi akiomba kurudisha bidhaa, una siku 3 za kazi kujibu. Bidhaa ikikufikia, siku 2 za kazi kurudisha pesa. Ukizipitisha, mnunuzi anawaita eBay. Wakiamua kwa faida yake, wanachukua pesa kwako na ada wanabaki nayo. Kama unaona wazi kwamba kosa ni lako, kubali mapema. Vivyo hivyo mnunuzi akipinga malipo kupitia benki yake: ukikubali hakuna faini, ukibisha na kushindwa kuna dola 20 juu.

Kuhakikisha kwamba ada imerudi, ingia Seller Hub, ukurasa wa eBay wa wauzaji, sehemu ya malipo, fungua orodha ya miamala na ubofye mstari wa pesa iliyorudishwa. Ndani utaona kiasi alichopewa mnunuzi na, kando yake, ada uliyorudishiwa. Isipokuwepo, tazama kwanza kama pesa ilipitia oda yenyewe. Kama ilipitia, wapigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya oda mkononi. Ada ya kuweka tangazo na ya mapambo kama kichwa cha herufi nzito usizidai, hizo ulilipia tangazo, si mauzo.

Kwa anayelipa kodi Marekani, pakua taarifa ya kila mwezi na uihifadhi. Fomu ya 1099-K, inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi kuonyesha malipo uliyopokea, huonyesha mauzo ghafi, hata yale uliyorudisha, na bila karatasi hizo utaonekana umepata dola 92 ya kamera ambayo iko kabatini kwako.